Maji Mawili ya Livadia

Mchana ule mji wa Livadia, Ugiriki, uliwaka kwa joto la Juni, na wanafunzi wangu ishirini na wawili kutoka Volos walikuwa wamechoshwa na mawe. Siku tatu nilikuwa nimewatembeza kwenye mahekalu nikiwaeleza jinsi wazee wetu walivyobishana kuhusu roho, nao wakaniuliza choo kiko wapi. Sikukata tamaa. Nilikuwa nimemaliza shahada ya falsafa mwaka uliotangulia, hii ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kuongoza watu, na niliamini kwa dhati kwamba kijana akionyeshwa mlango ataingia mwenyewe.

Myrsini aliniamini kuliko wote. Alikuwa na miaka kumi na sita. Baba yake, aliyeendesha kreni bandarini, alikuwa amefariki Februari. Asubuhi ile kwenye basi alikuja kuketi kando yangu akanieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mama yake: sauti ya baba ilikuwa inamtoka kichwani. Sura alikuwa nayo kwenye picha. Sauti haikuwepo popote, kwa kuwa baba hakupenda kurekodiwa. Alitaka kuisikia mara moja tu, aishike vizuri safari hii. Akaniuliza kama ni kweli kwamba huko tuendako watu wa kale walishuka ardhini kwa Trofonio, mzimu mtabiri, kuuliza mambo yao. Nikasema ni kweli. Akauliza kama waliuliza pia habari za wafu. Nilipaswa kunyamaza.

"Waliuliza kila kitu," nikamjibu.

Pale kwenye chemchemi mbili, chini ya genge, niliwapanga wote nikawaeleza desturi. Aliyetaka kushuka alikunywa maji mawili, ya Usahaulifu na ya Kumbukumbu, kisha akaingia shimoni akitanguliza miguu, na keki ya asali katika kila mkono kwa ajili ya nyoka. Akitoka, tena miguu ikitangulia, makuhani walimkalisha kwenye kiti cha jiwe na kumuuliza ameona nini. Kumbukumbu huja kwanza, nikasema, ili ujue unamtafuta nani. Kisha Usahaulifu, ili hofu ikutoke. Nilivyosema ilisikika vizuri. Hakuna aliyenisahihisha. Mwalimu wao, Bi Thekla, alikuwa ng'ambo ya daraja akihesabu viti vya mgahawa.

Zisis, mcheshi wa darasa, alimwambia Myrsini akimkuta nyoka amwombe majibu ya mtihani wa fizikia. Myrsini akamjibu kwamba hata nyoka ana mipaka yake, kwa kichwa kama cha Zisis. Wakacheka, wakavuka daraja kwenda kula mishikaki. Myrsini akabaki, mikononi akiwa na keki mbili za asali nilizokuwa nimeleta kwa maonyesho.

"Nataka kushuka kweli, kaka Pandelis," akasema. "Si kwa maneno."

Shimo lenyewe lilikuwa ufa tu chini ya genge. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimelipima kwa fimbo: mita moja na nusu, halafu jiwe. Niliona hakuna hatari. Nikamnywesha maji kwa mpangilio wangu, akalala chali, akaanza kujisukuma ndani. Miguu ikaingia, kiuno, mabega. Myrsini ana urefu wa mita moja na sentimita sabini. Nilikuwa nasubiri miguu yake igonge jiwe. Kichwa kikaingia, kisha mikono yenye keki, kisha sikuona kitu.

Nilimwita. Nikapiga magoti nikaingiza mkono hadi begani, vidole vyangu vikagusa jiwe kavu, la baridi, pale ambapo mwanzo palikuwa wazi. Upande wa pili wa jiwe hilo nikamsikia akiongea. Halafu nikamsikia mwanamume akimjibu.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ng'ambo ya mto Zisis alikuwa anaimba. Mwishowe miguu ya Myrsini ikajitokeza, akatoka taratibu kama mtu anayesukumwa na maji. Nguo zake zilikuwa kavu. Keki hazikuwepo. Nikamkalisha kwenye jiwe lililokuwa kando, nikamuuliza ameona nini.

"Alikuwepo," akasema. "Tumeongea sana." Akafungua mdomo aendelee, akaufunga. Alijaribu tena. Uso wake ukaanza kubadilika. "Sikumbuki. Sikumbuki hata neno moja. Kaka Pandelis, kwa nini Usahaulifu ulikuwa wa mwisho?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Wazee walisahau kwanza, ili wakishuka wawe watupu, kisha wakanywa Kumbukumbu ili wapande na walichopewa. Nilijua hilo. Nilikuwa nimelisoma mara kumi. Nililigeuza kwa sababu lilipendeza zaidi.

Alinitazama. "Wewe ulikuwa hapa mlangoni. Umesikia?"

Ingekuwa rahisi kukana. Lakini nilikuwa nimemnyang'anya kitu, na kilichobaki chake nilikuwa nacho mimi. Nikamwambia anipishe. Nikaketi kwenye lile jiwe, yeye akasimama mbele yangu, akauliza kama makuhani walivyouliza.

Nilimweleza yote. Kwamba ile sauti ilimuuliza yeye ni binti wa nani, na alipotaja jina la baba ikauliza tena. Kwamba aliitajia kreni, nyumba, mama, nayo ikasema kwa upole kwamba haiwajui watu hao. Myrsini alikuwa analia lakini hakunizuia. Kwamba mwishowe aliikumbusha siku alipopandishwa juu kwenye kreni akatapikia kofia ya baba, na yule mwanamume akacheka, akamwita kwa jina la utani.

"Jina gani?"

"Kokoto," nikasema.

Sauti iliyotoka kinywani mwangu haikuwa yangu. Ilikuwa nzito, ya mtu mzima, yenye mikwaruzo ya sigara, na mimi sijawahi kuvuta. Myrsini alifumba macho.

"Sema tena."

Nikasema tena. Ilikuwa bado ile, ila mbali kidogo. Mara ya tatu nilisikia sauti yangu tu, ya kijana mwenye hofu. Yeye alitikisa kichwa.

"Inatosha," akanong'ona. "Nimeishika."

Tukaondoka kuelekea darajani. Alitembea polepole mbele yangu, midomo ikicheza, akilirudia lile jina chinichini asije akalimwaga. Zisis alimwita kwa mbali, hakuitika. Nami niliongea njia nzima, kwa sauti kubwa, kuhusu roho na yale waliyoyasema wazee wetu, kuhusu lolote lililonijia, ili asisikie kwamba nyuma yetu, ndani ya genge, yule mwanamume alikuwa anauliza tena, kwa upole uleule, yeye ni binti wa nani.