Nyota Tatu Mfululizo

"Nyota," kompyuta ilisema kwa sauti kavu, katikati ya sentensi tamu. "Nyota."

Baba akajipiga goti kwa kiganja. "Umesikia? Niliweka nyota ili inyamaze, yenyewe inanitajia nyota!"

Masikini Baba. Alipopofuka macho aliandika kitabu cha maisha yake kwa kupapasa vitufe, na kila alipotaka msomaji atulie kidogo aliweka alama ya nyota. Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Fundi kwa kazi yake ya kuandaa vitabu kwenye kompyuta, ndiye aliyeahidi kuzigeuza ziwe kimya. Jioni hiyo hiyo mhariri wa maktaba ya vitabu vya sauti angepiga simu asikilize. Kitabu kikisomeka na nyota zake, hakiingii maktabani mwaka huu, na Baba alikuwa anakingoja kama mtoto anavyongoja viatu vipya.

Si kwamba Fundi alikuwa amekaa bure, jamani! Kitabu alishakiweka katika XML, lugha ya kompyuta ya kuwekea maandishi alama, na faili la kukigeuza alishaliandika: ukikuta nyota, andika maneno yaliyo kabla yake, weka kipengele kiitwacho kituo, kisha andika yaliyo baada yake. Kompyuta ikikuta kipengele hicho hunyamaza. Tatizo, kila aya ilinyamaza mara moja tu, halafu nyota zilizobaki zikaanza tena kupiga domo.

Akaenda jikoni kupunguza hasira. Mama alikuwa anakatakata karoti: anakata kipande, anakisukumia bakulini, anarudi kwenye karoti.

"Mbona unanikodolea macho?"

"Mama, ukishakata kipande, hiyo iliyobaki unaifanyaje?"

"Swali gani hilo? Naikata tena! Nimwachie nani?"

"Alaa!" Fundi alitoka mbio, nusura ang'oe pazia. Kumbe ndiyo hiyo! Kanuni yake ilikata mara moja, kisha ikatema mabaki bila kuyatazama. Akaiandika upya ijiite yenyewe: yaliyobaki yarudi kwenye kanuni ile ile, mpaka nyota ziishe. Akabonyeza. Kila penye nyota pakawa kituo, ukurasa mzima! Akamrukia Baba akamkumbatia hadi kofia ikamdondoka.

Sehemu moja tu ilimtia shaka. Palikuwa na nyota tatu mfululizo. Kidole cha Baba kimeteleza, akawaza, akataka kufuta mbili. Kabla hajazifuta, simu ikalia.

Kompyuta ikasoma, mhariri akisikiliza upande wa pili. Inatulia inapotakiwa, inaendelea, raha tupu. Ikafika: "Nikamuuliza kama atakubali nimuoe."

Kimya.

Kimya bado. Fundi akawaza: Imekwama! Akanyanyuka aifikie kompyuta, Baba akasikia kiti, akamdaka mkono.

"Iache," alinong'ona.

"Akasema, haya," kompyuta ikaendelea.

Mlangoni pakalipuka kicheko. Mama alikuwa amesimama pale, kisu mkononi. "Mzee wewe! Yaani umeandika na nilivyonyamaza?"

"Nyota tatu," Baba alisema, machozi yakimtiririka. "Ulinitesa, mama watoto."

"Tunakichukua," mhariri alisema kwenye simu. "Na kimya hicho asikiguse mtu!"

Fundi alipiga kigelegele. Mama hata hakusikia. Alikuwa ameshaketi ubavuni pa Baba, anamfuta machozi kwa ncha ya kanga yake.

"Nilikuwa nimeshakubali kabla hujauliza," alimwambia. "Nilitaka tu nikutazame vizuri."