Udi Kwenye Handaki la Upepo

Mwaka 2014, ndege za kutoka Nairobi zilipokuwa zikishusha Riyadh madereva na wasichana wa kazi kwa mamia, Elkanah alishuka nao akiwa na shahada ya uhandisi wa ndege na mkataba wa majaribio wa miezi mitatu. Afisa wa uwanjani alimwuliza kafili wake, yaani mdhamini wake, ni nani. Akajibu kwamba ni maabara ya taifa. Afisa alimtazama kidogo, kisha akamwelekeza kwenye foleni ya madereva. Chumba alichopanga mtaa wa Suwaidi kilizungukwa na madereva vilevile, na kila jioni walimwuliza anaendesha gari gani.

"Naendesha upepo," aliwajibu, nao wakaacha kumwuliza.

Maabara yenyewe, siku hizo za mwanzo, ilikuwa ukumbi mmoja nje ya jiji na wafanyakazi wanne. Mali yake ilikuwa handaki la upepo: sanduku refu la mbao lenye feni kubwa upande mmoja na mdomo wazi upande wa pili. Mbele ya mdomo huo palisimamishwa bawa dogo la ndege, lenye mpini wa kuliinua na kulishusha. Jumatano ingekuja kamati ya watu saba kuamua kama maabara ijengewe jengo lake au ifungwe. Ikifungwa, Elkanah hapati ikama, kile kibali cha ukaazi, anarudi nyumbani.

"Vipimo nimevirudia mara kumi na nne," alimwambia mkurugenzi, Dokta Amir. "Takwimu zinatosha."

"Wazee hawa hawasomi takwimu. Wanataka kuuona upepo."

Upepo hauonekani bila moshi, na mashine ya moshi ilikuwa imekwama bandarini Jeddah. Aliyetumwa kuifuata ni Idi, fundi wa maabara, ambaye babu yake alihama Unguja mwaka 1964. Idi alizaliwa Jeddah, ila Kiswahili chake kilikuwa bado cha kwao. Jumatatu alipiga simu.

"Kaka, mashine hawaitoi."

"Shida ni gani?"

"Karani kafungua kitabu cha maelekezo, kakuta picha ya disko. Anasema disko mafi, yaani hakuna disko hapa. Namwambia ya kuchunguzia ndege hii, ananiuliza ndege gani inacheza disko."

"Si ulikuwa na barua?"

"Nimempa. Kausifu muhuri."

"Idi, kamati inakuja Wednesday."

"Nakuja na moshi mwengine. Bibi yangu Wahida, hapa Balad, ana udi wake wa siku nyingi. Akifukiza, mtaa wa tatu wanajua ana wageni."

"Mimi nataka moshi mweupe, mwembamba, usiokatikakatika."

"Ndo huo. Na hauna karani."

Jumanne walifunika chetezo kwa mkebe wa bati, wakautoboa na kuchomeka mrija wa kupeleka moshi mbele ya bawa. Elkanah akawasha feni kwa mwendo wa polepole. Moshi ulitambaa juu ya mgongo wa bawa kama uzi, ukaenda zake. Alipoliinua bawa mpaka pembe ya nyuzi kumi na sita, uzi ulibanduka na kutawanyika. Hapo ndipo ndege ya kweli hukosa kushikiliwa na upepo ikaanguka. Alipima, akaandika, akaridhika. Jambo moja tu hakulipima, kwa kuwa halikuwa la fizikia.

Jumatano kamati ilikaa, ikanywa kahawa, ikala tende. Idi akatia udi kwenye makaa. Harufu ilipoenea ukumbini, mwenyekiti, mzee mwenye ndevu nyeupe za kufika kifuani, aliweka kikombe chini akasimama. Wenzake sita wakasimama pia.

"Wanaenda wapi?" Elkanah alinong'ona.

Idi alikuwa amefumba macho. "Nimezaliwa huku, nimelelewa huku, na nimesahau."

"Umesahau nini?"

"Mwenye nyumba akileta udi, kikao kimekwisha. Baada ya udi hakuna kukaa. Tumewafukuza, kaka."

"Tumefukuza kamati ya serikali?"

"Kwa adabu. Lakini ndiyo."

Dokta Amir, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mashine haikuja, alibaki na birika la kahawa mkononi.

Ila hakuna mgeni aondokaye bila kujifukiza. Mwenyekiti alijongea nyuma ya bawa, akainama, akauvuta moshi kwa kiganja kuelekea ndevuni. Elkanah alikadiria kwamba watu saba wangemaliza kwa dakika tatu. Kiarabu cha kuwasihi hakuwa nacho. Alikuwa na mpini. Akaliinua bawa.

Moshi ukatawanyika darini. Mwenyekiti akasema neno.

"Anasema udi umempotea," Idi akatafsiri.

Elkanah akalishusha; moshi ukarudi ndevuni. Akaliinua, ukapotea. Kwa mara ya kwanza mzee aligeuka akalitazama bawa.

"Anauliza nani anaemnyima."

"Mwambie ni bawa. Likiinuka kupita kiasi, upepo hauushiki tena mgongo wake. Ndege nayo huanguka hapo hapo."

Tafsiri ya Idi ilikuwa ndefu kuliko maelezo yenyewe, hata disko na Jeddah zikasikika humo, na Elkanah hakupenda hilo. Lakini mzee alinyoosha mkono akashika mpini mwenyewe. Akainua, akashusha, ndevu zikiwa mahali pake. Kila mjumbe akataka zamu. Mmoja akasema udi hupotea kwenye nyuzi kumi na nne, mwingine kumi na tano, na mwenyekiti akaamua kwamba ni kumi na sita, wenye ndevu fupi hawana ushahidi. Kahawa ikaletwa upya. Waliondoka baada ya saa moja na nusu, udi wa Bibi Wahida ulipokwisha.

"Jengo mtapata," mwenyekiti alimwambia Dokta Amir mlangoni. "Na huyo wa mpini mfanyieni ikama. Ile mashine ya disko iacheni huko huko Jeddah."

Elkanah alikaa kujaza daftari la majaribio. Kasi ya upepo: mita tatu kwa sekunde. Moshi: udi. Bawa kuachwa na upepo: nyuzi kumi na sita. Kifaa cha kutambulia: ndevu za mwenyekiti. Alifikiri, kisha akaongeza, kwa kuwa ndio ukweli: urefu wake haujapimwa.

Idi alisoma juu ya bega lake. "Na nani atakwenda kuzipima?"

"Wewe ndiye umezaliwa huku," Elkanah alisema, akamkabidhi rula.