Kiwambo cha Uzi Mwekundu

Mimi naitwa Rosine Quandt. Shule nilisoma miaka minne tu. Wa tano mwalimu alikufa, na sisi watoto, Mungu atusamehe, tulirudi nyumbani tukirukaruka. Anayetaka habari za Daktari Amthor zenye maneno ya Kilatini akawaulize mabwana wa baraza la mji, wale waliomsimanga akiwa hai na leo wanamsifu hadi mate yanawatoka. Mimi nilimfulia aproni zake za maiti miaka kumi na tisa. Mtu ukishamfulia aproni humwogopi tena, na yeye hawezi kukudanganya.

Alikuwa mpasua maiti wa hospitali yetu hapa Lauterwitz. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, jirani na ghala la makaa, kwa sababu wakubwa walitaka kazi yake lakini hawakutaka harufu yake. Mrefu, mwembamba, mdomo mchafu. Akishampasua marehemu, huchukua kipande cha nyama kidogo kama ukucha wa mtoto, hukibana kati ya vioo viwili, kisha huinamia hadubini yake ya shaba na kusahau chakula cha mchana. Mchungaji wetu aliwahi kumwambia si adabu kuichungulia kazi ya Mungu kwa karibu namna ile.

"Kama Mungu angeona haya, Mchungaji," Daktari akamjibu, "asingeiweka saini yake kila mahali."

Sasa, kwetu siku nguruwe anapochinjwa, nyama haingoji moto. Inasagwa ikiwa bado na uvuguvugu, inatiwa chumvi, pilipili manga na kitunguu, inapakwa juu ya mkate, na anayekataa anaulizwa kama ni mgonjwa. Dada yangu Ernestine hakuwahi kukataa chakula tangu azaliwe. Kwenye ubatizo mmoja alikula vipande vinne. Wiki tatu baadaye uso ulivimba kama boga, akashindwa kuinua kijiko, akafa. Walikufa saba waliokaa meza ile. Mji mzima ukasema homa ya matumbo.

Daktari akaniomba ruhusa ya kukata kipande cha nyama ya mguu wake. Nikamwambia akate kwanza cha kwake. Akakunja shati, akaninyooshea mkono na kisu.

"Kata, Rosine. Lakini changu hakitakuambia nini kimemuua."

Nikamruhusu. Baada ya saa moja akaniita. "Njoo uone. Ni dada yako, una haki kuliko mimi."

Nikainama. Niliona kitu cheusi kama msitu, nikapiga kelele.

"Hizo ni kope zako," akasema. "Fungua jicho."

Nikafungua. Na nikamwona. Mnyoo mwembamba kuliko uzi, amejikunja ndani ya kijumba chake kama paka usingizini, katikati ya mguu wa dada yangu, kama mgeni asiyejua kuaga. Pembeni yake mwingine. Na mwingine. Nililia, halafu nikakasirika, na hasira ile sijaimaliza hadi leo.

Tangu siku ile Daktari alikuwa na vita moja tu: nguruwe asiliwe mpaka nyama yake iangaliwe kwanza kwenye hadubini. Chama cha wachinjaji kilicheka. Mkuu wao, Fundi Traugott Bielig, mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa, alisema baani mbele ya watu, "Daktari anatafuta minyoo kwa sababu mkewe alimkimbia."

Daktari alikuwa kaketi nyuma yake. "Mke alinikimbia kwa sababu ya minyoo, Fundi. Panga habari vizuri."

Lakini kulikuwa na siri. Miaka thelathini ya kukodoa kwenye ile shaba ilikuwa imeyala macho yake. La kuume lilikwenda kwanza, la kushoto likafuata, kama ukungu unavyopanda bondeni. Nilijua mimi peke yangu, kwa sababu alianza kunisifia aproni safi siku ambazo sikuwa nimezifua. Nikamwambia wazi. Akanivutia kiti mbele ya hadubini. Kuanzia hapo mimi nikawa naangalia, yeye anauliza. Ina nyuzi? Zimelala upande gani? Vuta kioo kidogo. Alipojaribu kunichorea, nusu ya wino wake iliishia mezani, lakini alinifundisha.

Mwezi wa kumi na moja, Bielig alikuwa anamwoza binti yake, Sidonie. Harusi Alhamisi, wageni themanini, mkate na nyama mbichi kwa kila mtu. Nguruwe akachinjwa Jumatatu. Daktari akaandikia baraza barua, na barua zake, nawaambia, hazikuwa za kumsomea mgonjwa wa moyo. Alidai nguruwe yule aangaliwe, na akataja waziwazi: walete kiwambo, ile nyama nyembamba inayotenganisha mapafu na tumbo, maana minyoo hupapenda hapo kuliko mahali pengine.

Baraza likajibu siku hiyohiyo. Jumanne saa nne asubuhi, mbele ya wajumbe wote. Akionyesha mnyoo, nyama ya harusi itachemshwa. Asipoonyesha, atarudisha ufunguo wa chumba cha maiti na kufunga mdomo wake moja kwa moja. Hadubini ikachukuliwa palepale ikafungiwa ukumbini, eti tusiichezee.

Siku ileile ya Jumatatu mimi nilikuwa uani kwa Bielig, mikono imo kwenye maji ya barafu, naosha matumbo ya nguruwe yuleyule. Wanawake wasio na mume mjini kwetu ndiyo kazi yetu majira ya baridi. Nikamsikia akimfokea mwanafunzi wake wa kazi: "Kiwambo! Mimi nipeleke makapi mbele ya Meya? Wataonyeshwa sarara, nyama laini ya mgongo, waone Bielig anachinja nini!"

Tukamaliza. Akatupa ujira wetu kama kawaida. Na ujira wa muosha matumbo Lauterwitz, tangu enzi za bibi yangu, ni nini? Ni kiwambo. Kila fundi hukifunga kwa uzi wa rangi yake na fundo lake, ili mwanamke akisimamishwa njiani aonyeshe kwamba hakuiba. Uzi wa Bielig ni mwekundu, fundo lake linazungushwa mara tatu na mkia wake unafichwa ndani.

"Haya, Rosine," akanirushia. "Kamchemshie Daktari wako supu ya minyoo."

"Asante, Fundi," nikasema. "Nitamfikishia."

Kesho yake tulipokuwa tunapanda ngazi za baraza, Meya alitusubiri juu, mikono tumboni. Alikuwa mwalikwa wa harusi, tena kiti cha mbele. Akamshika Daktari begani.

"Amthor, ndugu yangu. Si ufumbe jicho kidogo tu, mpaka Ijumaa?"

"Nimefumba moja kwa miaka thelathini, Mheshimiwa. Ndivyo hadubini inavyotumika. Ndilo hilo jingine linalowasumbua."

Ukumbini walikuwa wajumbe wanane, na Bielig kavaa koti la kanisani. Sidonie mwenyewe ndiye aliyebeba sinia la sarara, kalifunika kwa kitambaa cheupe kama vile ni mtoto wa kubatizwa. Mimi waliniacha nisimame mlangoni kwa sababu nilikuwa nimebeba sanduku la vioo.

Daktari akakata kwa kupapasa, akabana, akainama. Alikaa hapo muda mrefu. Nilijua haoni kitu zaidi ya maziwa. Angeweza kusema yupo. Nani angembishia? Wale wajumbe wasingeweza kutofautisha mnyoo na mstari wa kioo. Moyoni nikawa namwambia, sema yupo, baba, sema tu, sema kwa ajili ya Ernestine.

Akainua kichwa. "Kwenye kipande hiki siwezi kuonyesha kitu."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Bielig akajipiga paja. Meya akanyoosha mkono, anavyonyoosha mtu aliyekuwa ameunyoosha moyoni tangu jana. "Ufunguo, Daktari."

"Mimi sijaangalia," nikasema.

Wakageuka. "Nani amekuuliza, mama?" akasema Meya.

"Hakuna. Ndiyo maana nimesema mwenyewe."

"Yesu wangu!" Bielig akacheka. "Mfua damu naye siku hizi msomi?"

Hapo Daktari akasimama wima, na akiwa wima alikuwa mrefu kuliko wote. "Mabwana, macho yangu yamekwisha. Miezi minane sasa, anayeona ni huyu."

Kicheko kikakatika. Meya akawa mwekundu. "Kwa hiyo hata kazi huiwezi! Umetudanganya!"

"Kazi naiweza. Kuona ndiko anakoweza yeye. Nyinyi mna macho kumi na sita humu ndani, mazima kabisa, na hakuna hata moja linalotaka kufanya kazi. Ufunguo mtaupata. Kwanza Rosine ataangalia."

Nikatia mkono ndani ya aproni, nikakitoa, nikakiweka mezani juu ya makaratasi yao. Kidogo, chekundu, kimefungwa vizuri.

"Hii takataka imetoka wapi?" akauliza Meya.

"Muulize Fundi. Mimi sijafungua. Nani mwingine anafunga hivi?"

Bielig akalitazama fundo. Mizunguko mitatu, mkia ndani. Alifundishwa na baba yake, na baba yake na babu yake. Fundi anayelikana fundo lake hutolewa kwenye chama siku hiyohiyo, na wanne kati ya wajumbe wale walikuwa wanachama.

"Ni langu," akasema. "Nguruwe wa jana. Kwani kuna nini? Ni makapi."

"Makapi tunayokula sisi," nikasema.

Nikakata kwa wembe, vipande vyembamba mpaka nuru ilipita. Nikabana. Kioo nikakipasha kidogo kwenye jiko lao la ukumbini, maana mnyoo ni kama mjumbe wa baraza, bila joto hasogei. Nikainama.

Nyuzi za nyama. Nyuzi tu, zimelala sawasawa kama nywele zilizochanwa. Nikavuta kioo. Nyuzi. Jasho likanitoka mgongoni. Mikono niliyokuwa nayo ilikuwa ya kufulia, mikubwa, nikawa nazuia pumzi nisitikise. Nyuma yangu mtu akakohoa kwa makusudi. Nyuzi, nyuzi, nyuzi, halafu kijumba.

"Yupo," nikasema. "Amejikunja mara mbili na nusu. Mwingine juu yake. Kushoto watatu. Hapa... ngoja... huyu anasogea."

Daktari alifumba macho, akatabasamu kama mtu aliyesikia mlango wa kwao ukifunguliwa.

Meya akaja mbio, akainama, akaruka nyuma. "Nimeona kitu kikubwa, cheusi, kina manyoya!"

"Hizo ni kope zako, Mheshimiwa," nikamwambia. Wajumbe wawili wakacheka, na hakuwasamehe mpaka anakufa.

Bielig hakuinama. Alifunga mikono kifuani akasema kwamba familia yake imechinja miaka mia na ishirini bila vioo. Aliyekuja mezani ni Sidonie. Aliweka sinia chini, akaziweka nywele zake nyuma ya masikio, akainama, akavuta kioo kidogo. Mtoto wa bucha yule, mkono wake haukutikisika.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa. "Mnyoo kanigeukia."

"Njoo hapa, Sidonie."

"Nyama inachemshwa."

"Nyama ya Bielig haijawahi kuchemshwa kwenye harusi!"

"Basi Alhamisi utaolewa wewe."

Akachukua sinia lake akatoka, na tuliusikia mlango wa chini ukibamizwa.

Msidhani baraza lilitupigia makofi. Lilijitenga faragha robo saa, likarudi na kusema kwamba mpasua maiti asiyeona hawezi kushika ofisi ya mji, na kwamba hadubini arudishiwe kwa kuwa ni mali yake. Daktari hakubisha. Alitoa ufunguo mfukoni akaudondosha juu ya kiwambo, mahali palepale, uwanjani kwa minyoo. "Auchukue aliye jasiri," akasema. Uliendelea kukaa hapo hadi tulipotoka.

Harusini kila kitu kilichemshwa hadi kikawa kijivu. Wageni walikula wakinung'unika. Bielig peke yake, kwa kiburi, alisimama katikati ya ukumbi na mkate wake na nyama mbichi, akala mbele ya wote, akapangusa mdomo. Siku ya kumi kope zake zilivimba. Wiki ya tatu alikuwa hawezi kujigeuza kitandani. Sidonie ndiye aliyekuja kumwita Daktari, na Daktari alikwenda kila asubuhi, akiniegemea mkono. Dawa hakuwa nayo, hata leo hakuna. Alikwenda kukaa naye. Wakawa wanatukanana, na nadhani hilo ndilo lililomponya.

Hadubini ikawekwa jikoni kwangu, dirishani, mbali na sufuria ya kabichi. Tulilotangaza ni neno moja tu, na tuliwatangazia waosha matumbo peke yao: leteni viwambo. Wakaleta. Uzi wa bluu, wa kijani, wa njano, mezani kwangu pakawa kama sikukuu. Mafundi hawakuwa na la kufanya. Ujira wa mwanamke ni wake, akitaka ale, akitaka auchungulie. Nikimwona mnyoo, kabla ya saa sita mji mzima unajua, na nyama ya fundi yule hainunuliwi hata na mbwa. Baraza halikutoa sheria. Sisi hatukuisubiri.

Mwaka uliofuata, majira ya nguruwe yalipoanza tena, mlango ukagongwa. Alikuwa Bielig, na fimbo, shingo imekonda mpaka kichwa kimeonekana. Akaweka mezani kiwambo chake, uzi mwekundu.

"Angalia," akasema.

Nikaangalia, sikuharakisha. Daktari alikuwa kando ya jiko, anasikiliza.

"Kuna?"

"Hamna."

"Una uhakika?"

Nikasogea kando ya kiti. "Inama uone mwenyewe."

Alisimama pale kama ng'ombe mbele ya daraja. Halafu akaweka fimbo, akainama, mkuu wa chama cha wachinjaji wa Lauterwitz, jikoni kwa mfua aproni.

"Naona msitu," akasema. "Mweusi."

Daktari akaanza kucheka kabla yangu.

"Hizo ni kope zako, Fundi," nikamwambia. "Fungua jicho."