Leza ya Mkwe Wangu

Hebu niambie, umewahi kumwona mtu mzima, mwenye ndevu zake na ofisi yake, anakosa hamu ya kula kwa sababu hajaamua kama mstari wa ukutani uwe mwekundu au wa kijani? Mimi nimemwona, tena nakaa naye nyumba moja. Ni mkwe wangu, mume wa binti yangu kitinda mimba. Simsemi vibaya. Hanywi, hagombi, na akiniamkia anainama. Ila siku mikono ya kazi ilipogawiwa, yeye alikuwa amekaa pembeni anasoma maelekezo.

Nilihamia kwao nyonga iliponianza. Nikapewa chumba kizuri, dirisha linatazama kamba ya kuanikia nguo, na bafu liko mlango wa pili. Shida yangu ilikuwa hilo bafu. Ukiingia unavuka kizingiti kirefu kama kiganja kilichosimama, halafu unakanyaga vigae vya bluu ambavyo vikilowa vinateleza kama vimepakwa mafuta. Ukutani hapakuwa na cha kushika isipokuwa chuma cha kutundikia taulo, kando ya bomba. Kilikuwa kimepinda, upande mmoja juu, mwingine chini, lakini hakijawahi kuniangusha. Kila asubuhi nilikishika kwa mkono wa kushoto, nikavuka, nikaoga. Siku za karibuni kilikuwa kinalia nyii nikikiegemea, nikajua kitachoka. Nilichotaka ni kimoja tu: chuma kinene cha kushikia, urefu wa kutoka kiwiko mpaka vidole, kifungwe hapo karibu na bomba, nioge mwenyewe bila mtu kunisimamia mlangoni kama askari.

Utasema, si ungemwambia tu? Ungemwambia wewe. Mimi ni mama mkwe. Kumweleza mkwe wangu ninavyooga, mguu naweka wapi na mkono nashika wapi, ulimi unakuwa mzito. Nilimwambia binti yangu, naye kwa haraka zake za kuwahi kazini akamwambia mumewe kuna kitu mama anataka kifungwe ukutani. Mumewe hakuuliza ni kitu gani. Aliuliza kitafungwaje kiwe sawa.

Hapo ndipo balaa lilipoingia. Alisema nyumba hii kila kitu kimefungwa kwa kukadiria macho, na kwamba hakuna tundu litakalotobolewa humu ndani mpaka apate pima maji ya leza, kile kifaa kinachopiga mstari wa mwanga ukutani ukaona kama kitu kimelala sawa. Akaanza kuchagua. Wiki ya kwanza alitazama video kwenye simu, watu wanaongea mbio, wanapiga mistari kwenye kuta ambazo tayari zimenyooka. Wiki ya pili alichora jedwali kwa rula, akalibandika kwenye friji: vifaa saba, kila kimoja na nyota zake. Mwekundu hauonekani vizuri mchana. Wa kijani unaonekana lakini unakula betri. Kuna kinachojisawazisha chenyewe, na kuna cha kusawazisha kwa mkono, ambacho alikipa nyota moja na kukizungushia kalamu nyekundu kama mtoto aliyefeli. Kuna kinachofika mita kumi na tano, kuna kinachofika thelathini. Sebule yetu mimi na nyonga yangu tunaivuka kwa hatua saba.

Katikati ya hayo akaja seremala kuranda mlango wa kabati la jikoni uliokuwa unakwama. Mzee mmoja mkimya, na pima maji yake ya zamani ya mbao, ile yenye kipovu, imefungwa raba katikati isiachane. Mkwe wangu akamfungulia jedwali zima, nyota kwa nyota. Seremala alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Sasa bosi," akauliza, "hiyo taa inatoboa pia?"

Mkwe akamwambia hapana, inaonyesha tu.

"Aa. Inaonyesha," akasema seremala, akaokota randa yake.

Alipokuwa anafagia maranda nilimsogelea, nikamnong'oneza haja yangu. Akaenda bafuni, akatikisa kile chuma cha taulo, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akarudi kuniambia ni kazi ya dakika kumi na drili anayo kwenye baiskeli. Moyo wangu ukatulia. Lakini mkwe alimwona anaelekea kwenye baiskeli, akamzuia kwa heshima zote: hakuna tundu mpaka leza ije. Seremala alinitazama, akainua mabega, akaondoka zake.

Wiki ya tatu tukaenda dukani. Na mimi nilichukuliwa, ati nitoe maoni. Nikapewa kiti cha plastiki, na basi, naapa, pale nilipowekwa, usawa wa sikio langu, palikuwa pamening'inia vyuma vya kushikia vya bafuni. Vya kila aina. Vifupi, virefu, kimoja kimechongwa mikwaruzo mkono usiteleze. Nikakishika hicho. Kilinikaa mkononi kama kimepimwa kwangu. Mbele yangu muuzaji alikuwa anamweleza mkwe kwamba wanaotumia leza ya mistari miwili ni wanafunzi, mafundi wa kweli wanachukua ya mistari kumi na sita. Mkwe, ambaye hajawahi kupigilia msumari bila kuupinda, akatikisa kichwa kwa uchungu wa fundi wa kweli.

Nikajikaza. Nikamuuliza, "Baba, hivi navyo vinafungwa ukutani?"

Akageuka, uso unang'aa. "Ndiyo mama, na ndiyo maana lazima tuanze na leza."

Nikakirudisha chuma kwenye ndoano yake. Tukarudi nyumbani na leza ya mistari kumi na sita, ya kijani, stendi ya miguu mitatu, rimoti, na miwani ya kijani ya kuonea mwanga vizuri. Muuzaji alitusindikiza mpaka nje.

Jumamosi asubuhi akaiwasha. Kwanza aliiweka kwenye kigoda changu, ikaanza kulia pii pii pii na kugoma, kwa sababu sakafu yetu imeinama na kigoda kimelika mguu. Akaihamishia kwenye stendi. Hapo nyumba nzima ikawa kijani. Mistari ikapanda kuta, ikavuka dari, ikapita kwenye kabati la vyombo, mmoja ukanikata paji la uso nikiwa nakunywa chai. Binti yangu akatoka chumbani na kitana kichwani, akauliza kama tumevamiwa.

Nilifikiri sasa atachukua drili. Wapi. Alivaa miwani akaanza kukagua. Rafu ya vitabu imeinama nusu kidole. Akaishusha. Kioo cha ukumbini, akakishusha. Fimbo za mapazia, picha ya harusi yao, saa ya ukutani. Kila alipotoa kitu aliacha matundu, akayazungushia penseli, akaandika kwa herufi kubwa: IMEPINDA. Kufikia Jumapili jioni sebule ilikuwa tupu kama ya watu wanaohama, vitu vyote vimelala sakafuni vinasubiri, na kuta zimejaa maandishi kama daftari la mwalimu mkali. Nikahesabu IMEPINDA kumi na saba. Binti yangu alimuuliza lini vitarudi. Akajibu kwamba sasa, kwa mara ya kwanza, anajua ukweli wa nyumba hii. Mke wake akasema ukweli huo hauzuii jua, na yeye kuanzia leo anavalia nguo chooni kwa sababu madirisha hayana pazia.

Jumatatu binti yangu aliondoka mapema. Mkwe alikuwa amechukua likizo ya wiki nzima kwa ajili ya leza yake. Mimi nikajifunga taulo, nikachukua sabuni na dodoki, nikaingia bafuni kama kawaida. Nikanyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, maana mkono wangu unajua njia, nikainua mguu kuvuka kizingiti. Mkono ukashika hewa.

Sikuumia sana. Nilikwenda chini taratibu, mgongo ukisugua ukuta, nikakaa kwenye vigae na sabuni mkononi. Nilipoinua macho nikayaona: matundu manne, duara nne za penseli, na IMEPINDA. Aliandika vizuri kweli, herufi zote sawa.

Nikajaribu kuinuka. Nyonga ikakataa. Nikajaribu kushika bomba, likazunguka, maji ya baridi yakaniangukia kichwani. Nikalifunga kwa shida. Nikakaa nikifikiria nimsubiri binti yangu. Atarudi saa kumi na moja jioni. Saa hiyo ilikuwa haijafika hata saa tatu asubuhi.

Kukawa na nyayo ukumbini. Mlango wa bafu haukai sawa kwenye fremu yake, una ufa upande wa kitasa, na kwenye huo ufa ukaingia mstari wa kijani, umenyooka kabisa, ukashuka kwenye vigae, ukapita kwenye goti langu. Alikuwa anapima mlango.

"Mama?" akaita. "Nimesikia kishindo. Upo salama?"

Mdomo wangu ulikuwa umeshaandaa jibu la kila siku, kwamba nipo, kwamba hakuna neno, aendelee tu na kazi. Miezi mitano, tangu nihamie kwao, nilikuwa na jibu hilo. Kwa sauti ya upole akaongeza kwamba nisijali, amegundua na mlango nao umepinda, atautoa leo hii.

Nikautazama ule mstari gotini kwangu.

"Mlango usiuguse," nikasema. "Nimeanguka. Mpigie jirani, yule mama muuguzi, aje aniinue. Halafu mpigie seremala aje na drili yake. Halafu wewe nenda pale dukani, kwenye kile kiti nilichokalia."

Mstari wa kijani ukatetemeka, nikajua stendi imeguswa.

"Dukani nikachukue nini, mama?"

"Chuma cha kushikia nikioga, baba. Kile chenye mikwaruzo. Kifungwe hapa kando ya bomba, usawa wa kiuno changu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu siku ya kwanza, hata kikipinda."