Kazi Apewa Jembe

Usiku wa jana niliota nimepata mgeni. Alipiga hodi mara moja tu, nami nikajibu karibu kabla sijauliza ni nani. Mdomo wangu ndivyo ulivyo. Umekaa nyuma ya kaunta miaka mingi. Hata ukiuamsha kwa kuushtua husema karibu kwanza, kisha ndipo huniuliza mimi tuko wapi.

Niseme kidogo habari za kaunta yenyewe, maana ndiyo iliyoniangusha. Natengeneza kadi za harusi kwenye duka la uchapaji hapa Morogoro. Juzi juzi mteja aliniambia niongeze maua kwenye kadi. Nikaongeza. Akasema bado. Nikaongeza mpaka jina la bwana harusi likapotelea vichakani, halafu nikalaza kichwa juu ya kibodi nikalia, na kadi ikatokeza mstari mzima wa herufi m. Mteja akasema hiyo milima ni mizuri, ibaki.

Daktari alinisikiliza kifua akasema kifua ni kizima, aliyechoka ni mwenye kifua. Akanipa wiki mbili za kukaa nyumbani. "Na ukae kweli," akasema. "Ukirudi kazini ulivyo sasa, mara nyingine hutakuja hapa kwa miguu yako." Bosi wangu, Bwana Mkude, hakuwa na neno, ila kila asubuhi alinipigia kuuliza kitu kidogo tu, na kitu kidogo chenyewe kikawa kinaisha jioni. Mpaka wifi yangu Asumini, mke wa kaka yangu ninayekaa kwake, alipoichukua simu na kuizika kwenye debe la unga. Ndipo nikapata usingizi, na usingizi ndio ulioniletea mgeni.

Basi mgeni akaingia. Mfupi, kavaa koti la suti na ndala, ananuka wino, na kichwani amebeba godoro. Mgeni anayekuja na godoro lake si mgeni, ni mpangaji, lakini karibu ilikuwa imeshatoka, na karibu hairudishwi mdomoni.

"Hujambo, Mwantumu," akasema. "Mimi ni Kazi. Nimesikia unaumwa, nimekuja kukujulia hali."

"Nani alikwambia naumwa?"

"Mimi ndiye niliyekuumiza. Ningekosaje kujua?"

Nikaona hilo ni jibu la mtu mwenye adabu zake. Nikamsogezea kigoda. Hakukitazama. Alitandika godoro lake juu ya langu, akapanda, akaniomba nisogee ukutani.

"Samahani," mto wangu ukasema. "Mimi nilishonwa kwa kichwa kimoja."

"Tutabanana," Kazi akaujibu, akaanza kukoroma papo hapo, macho wazi.

Mto ukaninong'oneza sikioni. "Dada, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akivuka siku ya tatu bila kushika jembe, mwenye nyumba anakuwa yeye, na mgeni unakuwa wewe. Na wewe ukipewa jembe hutalitua tena maishani."

"Umeyajuaje hayo?"

"Miaka yote hii unaniwekea kichwa chako. Unadhani hakivuji?"

Sasa kitanda ni kaunta. Mimi bado nimelala, blanketi limefika kidevuni, na wateja wamepanga foleni kuanzia nyayoni pangu mpaka barabarani. Hakuna anayeshangaa. Bwana harusi mmoja anang'oa pua yake anaiweka juu ya blanketi.

"Nipunguzie," ananiambia. "Halafu nirudishie kabla ya Jumamosi. Mafua yanakuja na sina pa kuyaweka."

Naipunguza. Anaijaribu, anasema sasa harufu hazimtoshi, niiongeze kidogo. Naiongeza.

Nyuma yake yupo mama wa kamati ya harusi, khanga kiunoni, anataka maua. Hangoji nimchoree. Anayapanda mawaridi kwenye shuka langu mwenyewe kwa mikono yake, kisha anayamwagilia, na maji yananiingia vidoleni.

"Pole na kazi, mwanangu."

"Asante mama, nishapoa," namjibu, na moshi unanitoka masikioni.

Kazi anainuka kwenye godoro lake, amenuna. "Huyu mama kasema pole na Kazi. Mimi nimefanya nini?"

"Ni salamu tu," namwambia.

"Salamu gani ya kumpa mtu pole kwa ajili yangu? Kwani mimi msiba?"

Mama wa kamati anamtazama juu mpaka chini, anafikiri. "Mnafanana kidogo," anasema, anaendelea kumwagilia.

Mara simu yangu ikaita kutoka jikoni. Sauti yake ilikuwa nzito kwa sababu ilikuwa imejaa unga. "Mwantumu, Bwana Mkude huyu. Kitu kidogo tu."

"Karibu," nikasema.

Kazi akanenepa. Niliona kwa macho yangu haya mawili, kiuno kimeongezeka, na mimi nimesukumwa shubiri moja ukutani. Bwana harusi akauliza kama naweza pia kumsogeza macho yakaribiane. Karibu, nikasema. Kazi akanenepa tena. Mama wa kamati akauliza kama anaweza kuleta na mbolea. Karibu, mama. Shavu langu likagusa chokaa, kisha nusu ya uso ikaingia ndani ya ukuta, na humo ndani ya ukuta, kwa nusu ya mdomo iliyobaki, bado nilikuwa nasema karibu.

Mto ukaona mambo yanaharibika. Ukajigeuza upande wa pili, ikawa siku ya tatu, mchana.

Wifi Asumini akaingia bila hodi, kama kawaida yake, jembe begani. Akanikamata mguu, akanivuta kutoka ukutani kama anayeng'oa muhogo.

"Wifi, bado umelala na libwana hili?"

"Si bwana, wifi. Ni Kazi."

"Afadhali angekuwa bwana, angekuletea hata nyanya. Leo siku ya tatu. Mpe jembe."

"Kazi nimpe kazi? Inakuwaje hiyo?"

"Methali haikuchagua mgeni. Mpe."

Nikampa. Kazi akalipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, akalishika penye bapa, mpini ukaangalia chini. Akaligeuza geuza.

"Pa kuwashia ni wapi?" akauliza.

Tukawa shambani. Lilikuwa shamba la bibi yangu kule Mgeta, mlimani, kabichi pande zote. Ila kamba ya kuanikia nguo ya uani kwetu ilipita katikati yake, na kaptula za kaka zilikuwa zinapepea juu ya kabichi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa neno. Kazi akanyanyua jembe, akalishusha, likapiga pembeni. Akanyanyua tena, likamzunguka, yeye ndiye akashuka.

"Hujawahi kulima?" nikamuuliza.

"Sijawahi kufanya chochote. Mimi hufanywa." Akajishika kiuno. "Kumbe ndivyo mnavyojisikia?"

"Kiuno au moyo?" wifi akauliza.

"Vyote."

"Ndivyo."

Akaendelea. Tuta lake lilianza vizuri, kisha likakata kushoto kama mtu aliyeitwa, likasita, likarudi kulia, likajikunja penye kisiki ambacho hakikuwapo. Nilivumilia nilivyoweza. Halafu nikasimama, na mikono yangu ilikuwa imeshatangulia.

"Lete nikuoneshe," nikamwambia.

"Kaa," wifi akasema.

"Anaharibu, wifi."

"Aharibu."

"Namnyooshea hapo tu, narudi."

"Sikiliza, wifi. Wewe hukuugua kwa kulima shamba lako. Umeugua kwa kupokea watu majembe. Mpokee na huyu, halafu leo jioni utanikuta mimi ndani nakula ubwabwa na Kazi, na wewe uko nje ya mlango wako unapiga hodi."

Nikakaa chini, penye nyasi. Mikono haikukaa.

"Tuachie," mkono wa kulia ukasema kwa upole. "Tuta limepinda."

"Naliona."

"Tulinyooshe, turudi upesi. Hutajua hata kama tuliondoka."

"Mwaka jana mlisema hivyo hivyo, mkaenda kunyoosha kadi ya mtu, mkarudi na kadi za ukoo mzima."

Mkono wa kushoto, ambao kwa kawaida hauna maneno, ukaanza kuondoka peke yake, kiwiko kwanza. Nikaudaka. Nikaiweka yote miwili chini, nikaikalia.

Nawaambia kweli. Nimebeba katoni za karatasi kutoka kwenye gari hadi ghorofani. Nimetengeneza kadi moja kwa koo mbili zisizozungumza, kila moja inataka jina lake liwe juu. Sijapata kutoka jasho kama nililotoka pale, kukaa kitako na kumtazama mtu akilima vibaya. Mikono ilinifinya. Ilinitekenya. Ikajifanya imekufa. Sikuinuka.

Na Kazi naye alikuwa anatoka jasho, na kila tone lilivyodondoka ndivyo kiuno alichokuja kukinenepesha kwangu kilivyopungua. Koti likamning'inia. Mwisho akawa mtu wa kawaida kabisa, wa kimo cha kawaida, unayeweza kupishana naye sokoni usimkumbuke. Akalitua jembe.

"Naomba likizo," akasema.

Hapo mdomo wangu, uliozoea kutumwa, ukanitoka. Ukajibu kwa sauti ya Bwana Mkude, na kikohozi chake juu: "Kwa sasa haiwezekani. Tuna kazi nyingi."

Kazi akajitazama juu mpaka chini. "Nyingi? Kazi ni mimi, na niko peke yangu."

"Na lile lote lililojaa kitandani mpaka mimi nikaingia ukutani?"

"Mimi nilikuja na kiuno hiki unachokiona. Kilichobaki ni zile karibu zako."

Wifi Asumini akacheka mpaka akajishikilia kwenye kamba ya nguo, kaptula moja ikamwangukia kichwani, akaendelea kucheka ndani ya kaptula. Mimi sikucheka. Mdomo safari hii ulikuwa unaningoja mimi.

"Nenda," nikamwambia kwa sauti yangu mwenyewe. "Likizo wiki mbili. Na ukifika kwenu usipige simu."

"Nikikumbuka kitu kidogo je?"

"Kama ni kidogo kweli, kitakusubiri."

Akafikiri. Akakubali. Anashuka mlima sasa, amevua ndala amezishika mkononi, anapiga mluzi kama mtu aliyeponea chupuchupu, na kabichi zinampisha njia. Mikono yangu inamtazama akienda. Hata yenyewe imetulia.

"Wifi," Asumini anasema kutoka ndani ya kaptula. "Wewe, wifi. Nani kalima huku?"

Sauti ilikuwa imehama. Ilikuwa inatokea dirishani.

Nikafumbua macho. Nilikuwa nimelala katikati ya kitanda, na mikono yangu yote miwili iko chini yangu, imekufa ganzi. Jua lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye pazia. Nikajifunga khanga nikatoka uani.

Wifi Asumini alikuwa amesimama karibu na kamba ya nguo, ufagio mkononi. Chini ya kamba, pale ambapo jana palikuwa na nyasi tupu, palikuwa na tuta moja, udongo bado mbichi. Lilianza vizuri, likakata kushoto kama mtu aliyeitwa, likasita, likarudi kulia, likajikunja penye kisiki. Kisiki hakuna.

"Huyu kalima au kaweka sahihi?" wifi akauliza. "Kaka yako kakana. Na wewe hata kijiko unakibeba kwa kupumzika."

"Ni mgeni," nikamwambia.

"Mgeni gani huyo asiyejua kulima?"

"Ndiyo kwanza anajifunza."

Akanitazama kwa jicho la kunipima, kama anitazamavyo siku zote anapotaka kunichokoza. Kisha akaokota jembe lililokuwa kando ya tuta, akaliegemeza ukutani, karibu yangu, karibu sana.

"Haya. Basi linyooshe wewe kidogo, fundi wa mistari, nipande mchicha wangu."

Ganzi ilikuwa inaanza kutoka. Mikono ikaniwasha kuanzia mabegani mpaka kwenye kucha. Kweli lile tuta lilikuwa limepinda. Hata kuku walikuwa wanalipita kwa mashaka. Nikavuta kigoda, nikaiweka mikono yangu juu yake, nikaikalia.

"Mchicha hausomi mistari, wifi," nikamwambia. "Panda hivyo hivyo."