Mtoto wa Mama Marcelina

Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu, na kila aliyepanda ndege alipanda na duka lake. Siku jembe la abiria liliponidondokea begani tukiwa angani, sisi wahudumu tulisema basi. Tuliwasumbua wakubwa mpaka wakakubali: mfuko mmoja tu wa mkononi, mizigo mingine ikae tumboni mwa ndege.

Siku kanuni ilipoanza, nilisimama mlangoni pale Musoma nimekunja uso. Nilirudisha madumu, nikarudisha magunia. Akaja Mama Marcelina wa Murangi na kikapu kimoja, mgongoni mtoto kafunikwa khanga mpaka kichwani. Nikampisha. Mtoto si mzigo.

Alipoketi nikamwambia, “Mama, mpakate mtoto tufunge mkanda.”

“Amelala, mwanangu.”

Lakini harufu ya moshi ilishanifikia. Nikafunua khanga taratibu. Ndani alikuwa samaki, mumi mkubwa wa kukaushwa kwa moshi, katulia na masharubu yake.

“Mama, mtoto gani huyu ana masharubu?”

Akamfunika tena bila haraka. “Babu yake naye alikuwaga nayo.”