Tatu ya Shemeji

Fauzia alianza kujifunza kinanda akiwa na vidole vilivyobabuka. Vilibabuliwa na mafuta ya maganda ya korosho, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa chochote pale mtaani Ufukoni: kubangua korosho za watu jioni na siku za mapumziko. Asubuhi alikuwa msaidizi wa kujitolea katika shule moja ya chekechea. Kujitolea, yaani kufanya kazi bure kwa jina zuri.

Kisha mwalimu wa nyimbo akahamia Songea. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba yeyote atakayeweza kupiga wimbo wa mstari, ule wa kuwaingiza watoto darasani, atapewa ajira ya kudumu. Wenzake walicheka, kwani kinanda kinapigwa na nani hapa? Fauzia hakucheka. Tangu mumewe Asadi afe, yeye na binti yake Zawadi walikuwa wanalishwa na shemeji yake Shaibu, mdogo wa marehemu, na hakuna kinachochosha roho kama kushukuru kila unaponawa mikono.

Alifundishwa na Mwalimu Jesca, mpiga kinanda wa kanisani, kila Jumamosi.

"Mama Zawadi, usinikomoe," Jesca alimwambia siku ya kwanza. "Usikae wiki nzima halafu Ijumaa ukakipiga kinanda mpaka majirani wakuchukie. Kidogo kidogo, kila siku, saa ile ile. Mkono wa kulia peke yake, wa kushoto peke yake, ndipo uikutanishe. Na uhesabu kwa sauti."

Saa ya Fauzia ikawa baada ya swala ya alasiri. Aliswali, akapaka vidole mafuta ya nazi, akavifuta kwa pindo la kanga, akakifunua kinanda cha kuazima. Mwanzoni kila kitu kilikataa. Kinywa kikisema mbili, mkono ulikuwa umekwisha fika nne. Kuhesabu na kupiga kwa pamoja kulimshinda kabisa, mpaka akamwomba Shaibu amhesabie.

Na hapo msimlaumu, maana angemwomba nani mwingine? Kule Msimbati walikotoka, hakuna aliyemwita Shaibu kwa jina lake. Walimwita Hesabu. Wavuvi wa baruti wana utaratibu wao: anayeshika chupa ya baruti iliyokwisha washwa utambi hahesabu, macho yake yako majini kwenye samaki. Anayehesabu ni mwenzake aliyeketi nyuma. Moja, mbili, tatu, na kwenye tatu chupa inarushwa. Shaibu alikuwa anamhesabia kaka yake, mpaka siku chupa ilipompasukia Asadi mkononi. Waliobeba jeneza walitazamana kwa jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Nilifika tatu," Shaibu aliwaambia watu msibani, tena kwa kiapo. "Nilifika tatu, kaka hakurusha."

Watu wakaamini, kwa kuwa Asadi alikuwa mtu wa majigambo, akipenda watu waone kwamba haogopi. Fauzia naye akaamini, akamkasirikia marehemu. Alimkasirikia miaka miwili mizima. Kwenye hitima wenzake wakimwombea, yeye midomo ilikuwa imefumbwa. Zawadi alipouliza baba alikufa kwa nini, Fauzia alimjibu, "Kwa kiburi," akaendelea kupeta unga.

Basi kila alasiri Shaibu, ambaye bahari alikwisha kuiacha na sasa anauza mkaa, aliketi kwenye mkeka karibu na mlango, akafumba macho, akahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuwahi kukosa, hata siku alizokuwa na homa. Jirani wa ukuta wa pili akaanza kubandika maharage kwa kusikia sauti yake. Vidole vya Fauzia vikalegea, vikajua njia, mpaka ikawa anapiga huku ameangalia dirishani. Alimshukuru shemeji yake kwa moyo mweupe. Alidhani Mungu amemchukulia mume mpumbavu akamwachia ndugu mwenye akili.

Siku ya kujaribiwa shuleni alipiga wimbo wote bila kugusa kitufe kisicho chake. Lakini watoto walianguka. Mstari uliingia mlangoni vizuri, kisha miguu ikapishana, wa nyuma akamkanyaga wa mbele, mmoja akalia, na wote wakawa rundo kizingitini.

"Wimbo wako unawaangusha watoto," mwalimu mkuu alisema. "Jumatatu nakusikiliza mara ya mwisho."

Jumamosi Jesca alimsikiliza huku amefumba macho, mkono wake ukigonga meza.

"Vidole havina kosa," alisema. "Ila kila ukikaribia tatu unasita, kama mtu anayeruka dimbwi. Tatu yako inachelewa. Nani anakuhesabia nyumbani?"

"Shemeji yangu."

"Basi kosa ni la shemeji. Yeye anavuta pumzi kabla ya tatu, na wewe unamsubiri. Umelifanyia mazoezi kila siku, Mama Zawadi, ndiyo maana limekolea." Akamwonyesha kitufe cha pembeni, ambacho kikibonyezwa kinanda chenyewe kinagonga mapigo, tik, tik, tik, tik. "Mfuate huyu. Huyu hapumui."

Fauzia alicheka, akaaga. Alifika hatua chache nje ya geti, kicheko kikamkauka. Unamsubiri. Alikaa ukingoni mwa mtaro, kinanda mapajani, watu wakimpita.

Alasiri ile aliswali. Alipaka mafuta, akavifuta vidole, akaketi. Shaibu akaja na kukaa pale pale mlangoni. Fauzia akabonyeza kitufe, na mapigo yakaanza.

"Shemeji, hesabu."

"Si kinajihesabia chenyewe?"

"Hesabu pamoja nacho."

Shaibu akafumba macho. Moja yake ilikaa juu ya pigo. Mbili yake ilikaa juu ya pigo. Kisha pigo la tatu likagonga, Shaibu akawa bado anavuta pumzi, na tatu yake ikaja nyuma, peke yake. Akaikimbilia nne. Akarudia, ikawa vile vile. Mara nyingine tena, akafumbua macho. Akajaribu kuiwahisha, akashindwa. Fauzia hakugusa kinanda wala hakumsaidia. Mapigo yaliendelea.

"Kaka alikuwa ananisubiri," Shaibu alisema.

Fauzia aliona chuki yake yote, aliyokuwa ameiegemeza kwa maiti, ikinyanyuka kutafuta pa kukaa. Alitamani kumponda kwa kile kinanda. Alikumbuka pia unga alioula mchana, kwamba ni wa Shaibu.

"Uliapa," alimwambia.

"Niliapa nilichokisikia kichwani, shemeji. Wallahi kichwani nilifika. Nilifika tatu." Akakinyooshea kinanda kidole. "Kizime hicho kitu."

"Sikizimi."

Shaibu alinyanyuka, akazichukua kandambili zake mkononi badala ya kuzivaa, akatoka. Hakuuliza kama arudi, na Fauzia hakumwambia.

Alibaki na mapigo. Alimlilia Asadi siku ile kama hakuwahi kumlilia msibani, kwa sauti, na machozi yakaanguka juu ya vitufe mpaka vikateleza. Nisamehe, alisema. Nisamehe, mume wangu. Nilikuita mwenye kiburi mbele ya mtoto wako.

Kisha akavikausha kwa kanga, kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja na unga ule haungelika tena. Akaweka mikono miwili. Ukuta wa pili sufuria ililia, jirani akibandika maharage yake. Wimbo ukaenda tangu mwanzo hadi mwisho bila kusita, kwa mara ya kwanza, na akaurudia, akihesabu kwa sauti kama alivyofundishwa.

"Moja," alisema. "Mbili. Rusha, Baba Zawadi. Rusha."